Suka, Kitonga na kocha wa NLP: kisa chote nilivyokiona kliniki

Huyu tumuite Suka, yaani dereva, maana ndo kazi yake. Miaka 38, mke, watoto watatu, anakaa Uyole, kaendesha fuso zaidi ya miaka kumi, anapakia viazi mviringo Uyole au anapandisha Isyonje kuvifuata shambani, anashusha Dar, kurudi anarudi na simenti au mizigo ya maduka. Mi ni nesi wa afya ya akili hapa Mbeya. Vitu vidogo vidogo kwenye kisa nimevibadilisha hata jirani yake akisoma asimjue, na mwenyewe nilimuomba ruhusa akasema "we andika tu dada, masuka wengi wako hivi ila hawasemi." Naandika kirefu kidogo mnivumilie, maana kila ikitajwa NLP, zile mbinu za makocha za kubadili programu ya ubongo, watu wanataka jibu la neno moja, utapeli au tiba, na kisa cha huyu bwana hakikubali neno moja.

Anayetumia barabara ya Dar anaijua Kitonga. Umetoka Iringa, umepita Ilula, unaanza kushuka kona juu ya kona, huku mwamba huku korongo, mpaka unatokea Mahenge na mbele yake Ruaha Mbuyuni. Fuso ya Suka ilikuwa imejaa. Katikati ya mteremko breki zikagoma, akajaribu kurudisha gia ikakataa kuingia, akaona heri aibamize kwenye mwamba kuliko ivuke upande wa pili, gari ikalala. Yeye mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti. Tandiboi wake, kijana wa miaka 22 kwao Rungwe, alifia palepale. Wakati kijana anazikwa Suka yuko wodini mguu umening'inizwa. Mambo ya trafiki na bima yalikuwa na safari yake ndefu, siyaingilii.

Mguu uliunga vizuri tu. Tajiri wake akampa gari nyingine, safari ya kwanza akafika Chimala akapaki pembeni, jasho linamtoka, mikono haikamati usukani, akarudishwa na mwenzie. Kuanzia hapo basi likipita Uyole likiachia ule upepo wa breki anaruka kama kapigwa. Usiku anaota, analala kwenye kochi sebuleni na taa inawaka, mke akimgusa bahati mbaya anaamka anapigana. Konyagi ikaingia, alafu akawa anajinunulia diazepam, dawa ya kutuliza, duka la dawa anameza juu ya konyagi. Hii naomba niiseme hapahapa kabla sijasahau: diazepam na pombe pamoja vinaweza kukukata pumzi usingizini, na yenyewe haitibu kiwewe, inakulaza tu na baada ya muda mwili unaidai. Ukoo ulishapita kwenye maombi, ulishapita kwa mzee mmoja aliyesema marehemu hajaridhika. Mwisho shemeji yake, kaka wa mke wake, akamleta kwetu.

Tuna fomu ya maswali 20 inaitwa PCL-5, kila swali alama 0 mpaka 4, jumla 80, mtu akifika 31 au 33 hivi unaanza kuwaza PTSD kwa umakini, yaani ule mfadhaiko unaobaki baada ya kiwewe. Suka alivuka 50. Tukafanya na PHQ-9 ya sonona. Swali la tisa linauliza kama wiki mbili zilizopita umewaza bora ufe au ujiumize. Alikaa kimya muda, alafu badala ya kujibu akaniuliza, "dada, hii karatasi inaenda polisi?"

Sikumshangaa. Kanuni ya Adhabu yetu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, watu wanalijua hilo kwa kusikiasikia, matokeo yake hata ambaye ni mawazo tu yanamsumbua anafunga mdomo asije akajichongea. Nikamwambia kumwambia nesi unachowaza sio kosa na karatasi haitoki humu. Akajibu kwamba ndio, siku nyingine anawaza. Tukapanga: mke ashike dawa zote za nyumbani, diazepam ipunguzwe pole pole kwa usimamizi wa daktari, pombe tuipambanie, na daktari akamuanzishia fluoxetine, dawa ya sonona na kiwewe, miligramu 20 kwa siku. Mazungumzo ya tiba yenyewe nikampa tarehe ya mbele kidogo, awe kwanza amepata usingizi. Hiyo tarehe hakuja.

Hakuja kwa sababu tajiri alishampigia simu. Kuna kocha anakuja Mbeya kutoka Dar, semina ya siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli, bango linasema badili programu ya ubongo wako, hofu inaondoka hapohapo, ada laki mbili na nusu. Tajiri kalipa yeye. Na hapa tusimsimange sana tajiri, gari yake imekaa, dereva mzuri kama Suka hampati kirahisi, ukimwambia hospitali inachukua miezi na kocha anamaliza jumapili we ungelipia ipi?

Kilichofanyika ukumbini Suka alinisimulia vizuri sana na nimekiandika alivyosema, maana ni NLP ya kitabuni kabisa. Kocha kamuita mbele, kamkalisha kwenye kiti cha plastiki, fumba macho. Jione uko sinema umekaa viti vya nyuma. Sasa toka mwilini mwako, panda kile chumba cha juu wanachorushia picha, kutoka huko jiangalie wewe ulivyokaa pale chini unatazama skrini. Kwenye skrini weka Kitonga, kabla mteremko haujaanza, picha ndogo, nyeusi na nyeupe, haina rangi. Iache itembee mpaka ajali imeisha na upo salama. Haya, ingia ndani ya ile picha ya mwisho, itie rangi, alafu irudishe nyuma mbiombio, fuso inainuka, inapanda mlima kinyumenyume, viazi vinarudi kwenye gunia, weka na muziki wa katuni. Rudia. Haraka zaidi. Rudia. Ukumbi unacheka, na Suka mwenyewe akajikuta anacheka.

Baada ya hapo wakamuwekea wanachoita nanga. Kumbuka siku uliyokuwa na furaha kuliko zote, akakumbuka siku alivyomtoa mtoto wa kwanza wodi ya wazazi, furaha ilipopanda kocha akambonyeza konzi ya kidole cha shahada mkono wa kushoto, mara kadhaa, ukipata hofu jibonyeze hapa utulivu utarudi. Akamsoma na macho, kwamba yakipanda juu kulia unatunga, yakipanda kushoto unakumbuka, na kwamba "wewe hofu yako unaitunga." Kisha vile vimisemo vyao, hakuna kushindwa, kuna mrejesho tu. Na la mwisho, ambalo ndo linaniuma mpaka leo, dawa za hospitali zinafunga akili isipokee programu mpya, ziache. Jumapili jioni wakamrekodi video ya ushuhuda, anatabasamu, anasema Kitonga kwake sasa ni barabara kama barabara nyingine.

Na kweli jumatatu akaingia kwenye fuso akaenda Makambako akarudi. Wiki iliyofuata akashuka Kitonga mchana kweupe anajibonyeza konzi. Akashuka tena. Mke anasema alirudi kulala chumbani. Sasa ungekuwa wewe ni shemeji yake aliyemleta hospitali ungejisikiaje? Ungeona umepoteza muda wa mtu.

Hizi mbinu zina wenyewe. NLP, kirefu chake programu ya nyurolinguistiki, ilianza miaka ya 1970 chuo kikuu cha California pale Santa Cruz, Richard Bandler alikuwa mwanafunzi na John Grinder mwalimu wa isimu. Walikaa wakawachunguza matabibu waliokuwa na sifa, Fritz Perls wa tiba ya Gestalt, Virginia Satir wa tiba ya familia, na Milton Erickson daktari wa hipnosi, wakidai wakinasa namna hawa watu wanavyoongea na kukaa na mgonjwa basi mtu yeyote anaweza kufundishwa akapata matokeo yaleyale. Kitabu chao cha kwanza kilitoka 1975. Wazo la kuwachunguza wanaoweza kazi sio baya hata kidogo, mi mwenyewe nimejifunza unesi kwa kumuangalia sista mmoja mkali wodini kuliko nilivyojifunza darasani. Tatizo ni kwamba kutoka hapo wakaruka moja kwa moja kwenye kuuza, semina, vyeti, ngazi ya kwanza ngazi ya pili, kabla ya kupima.

Waliokuja kupima ni wengine. Lile dai la kwamba kila mtu ana mlango wake mkuu, huyu wa kuona huyu wa kusikia huyu wa kuhisi, na kwamba ukimfuata kwa maneno ya mlango wake atafunguka, Christopher Sharpley alikusanya tafiti akazichambua 1984 na tena 1987, halikusimama. La macho, Richard Wiseman na wenzake 2012 walichukua watu wanaodanganya na wanaosema kweli wakalinganisha macho yalikokwenda, hawakukuta uhusiano wowote. Kwahiyo kocha aliposoma kwenye macho ya Suka kwamba hofu anaitunga, alisoma kitu ambacho hakijaandikwa pale. Upande wa afya, mwaka huohuo 2012 ikatoka mapitio ya Jackie Sturt na wenzake kwenye jarida la madaktari wa familia la Uingereza, walipekua zaidi ya vichwa 1,400 vya tafiti wakabaki na 10 tu zinazofaa, na nusu yake ndo zilikuwa na makundi ya kulinganisha yaliyopangwa kwa bahati nasibu. Wakasema ushahidi kwamba NLP inaboresha afya ni mdogo, ila wakaongeza, na hili mashabiki wa pande zote wanaliruka, kwamba udogo huo unatokana na tafiti kuwa chache na dhaifu, sio kwamba imethibitishwa haifanyi kitu. Kanada nao 2014 shirika lao la kutathmini tiba lilitafuta ushahidi wa NLP kwa PTSD, kwa wasiwasi uliokithiri na kwa sonona, hawakupata wa kuutegemea.

Na tuwe wakweli, ile sinema nyeusi na nyeupe haijafa yote. Kuna tiba imetengenezwa kutokana nayo, inaitwa RTM, imejaribiwa kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani wenye PTSD na majaribio madogo yameonyesha dalili nzuri. Lakini ukiangalia inavyofanywa ni vikao kadhaa, mtu kachujwa kwanza, anapimwa kabla na baada, anafuatiliwa miezi. Hakuna ukumbi unaocheka.

Turudi kwa Suka. Wiki ya tatu au ya nne yupo Ilula na mzigo, anajiandaa kushuka. Tandiboi mpya, kijana mstaarabu tu, anamwambia, "Suka, tucheki upepo?" Basi. Upepo wa breki, swali ambalo kila tandiboi anauliza. Suka akapanda kwenye kabini akajifungia, akabonyeza konzi mpaka ngozi ikachubuka, nanga haikushika kitu. Akampigia mke wake. Akaanza kumwambia watoto wasome, ile pikipiki asiiuze chini ya kiasi fulani, hela ya kikoba iko kwa nani. Yule mama ana akili sana, hakubishana wala hakulia, akamuweka kwenye simu anaongea nae habari za nyumbani huku kwa simu ya mtoto anamtafuta shemeji, shemeji akampata tandiboi, tandiboi akagonga mlango mpaka ukafunguliwa, akachukua funguo za gari akakaa nae mpaka alfajiri. Kesho yake alirudi Mbeya na basi, kijana huyohuyo kaketi pembeni yake, na kutoka stendi wakaja moja kwa moja kwetu.

PCL-5 ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza.

Shemeji akaniuliza swali ambalo ni la haki, sasa zile wiki tatu alizopona zilikuwa nini? Nadhani zilikuwa vitu vitatu vimepishana njiani. Cha kwanza ni dawa. Fluoxetine haifanyi kazi siku unayoimeza, inataka wiki mbili mpaka sita, na Suka alikuwa ameitumia karibu mwezi alipoingia semina, yaani muda uleule ambao ungetegemea aanze kupata nafuu hata angekaa nyumbani. Alafu ina tabia moja ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi, inatoka mwilini taratibu sana, ukiacha leo yenyewe na mabaki yake yanaendelea kuwepo kwa wiki kadhaa. Kwahiyo alipokuwa anashuka Kitonga "bila dawa" dawa ilikuwepo kwenye damu, ikipungua kila siku, mpaka Ilula. Cha pili ni kwamba kukifikiria kitu unachokiogopa huku umekaa salama, na baadae kukiendea chenyewe, hiyo ni njia halali kabisa ya kupunguza hofu, wataalamu wanaitumia kila siku, haihitaji konzi wala muziki wa katuni. Cha tatu ni matumaini na watu hamsini wanaokupigia makofi na tajiri aliyekulipia, sivichukulii poa hivyo, vinaweza kumbeba mtu wiki mbili tatu vizuri tu. Sinema ilichangia kiasi gani humo ndani siwezi kukugawia asilimia na yeyote atakayekugawia anakudanganya.

Ila kulikuwa na kingine. Nilimuuliza, kwenye ile sinema tandiboi wako alikuwa wapi?

Akaniangalia. "Hakuwepo. Kwenye skrini nilikuwa mwenyewe."

Hapo ndo kisa kizima. Kocha alitibu hofu ya mteremko, na hofu ya mteremko ilikuwepo kweli na ilipungua kweli. Lakini Suka hakuwa anaumwa mteremko. Hakuna aliyemuuliza gari ilikuwa na nani, kwa sababu ile mbinu haitaki kujua, wenyewe wanaisifia kwamba mteja hana haja hata ya kusimulia kilichompata. Kwa anayeogopa panya au lifti sawa, sina neno. Kwa aliyefiwa na mtu kwenye gari anayoiendesha yeye, kutokuuliza ni kumuacha na mzigo wake wote. Na hakuna aliyemuuliza swali la tisa. Walimpima jumapili jioni, kwa tabasamu, ni kununua lumbesa kwa kuangalia viazi vya juu.

Tulianza upya. Kwanza usalama, mke na shemeji wanajua dalili, dawa zinashikwa na mke, fluoxetine ikarudi, gari kubwa marufuku kwa sasa. Tajiri hakufurahi. Kisha nikatumia NET, tiba ya kusimulia, iliyotengenezwa na Wajerumani wa chuo kikuu cha Konstanz lakini imepimwa karibu na kwetu, Uganda, kwa wakimbizi wa Sudan matokeo yakatoka 2004, na kambi ya Nakivale 2008 kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia ambapo waliotoa tiba hawakuwa hata wanasaikolojia, walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Ndo maana naipenda, haidai vyeti vya dola.

Unachukua kamba, unaitandaza sakafuni, mwanzo wa kamba ni kuzaliwa, unakwenda mbele. Maua kwa mambo mazuri, mawe kwa mabaya. Sisi tulitumia kamba ya katani na vijiwe vya nje ya jengo, maua tulichuma kwenye uzio. Suka aliweka ua la ndoa, ua la leseni yake ya kwanza, jiwe la kifo cha baba yake, maua matatu ya watoto. Jiwe la Kitonga alilishika mkononi muda wote hakutaka kuliweka chini. Kikao cha kwanza ni hiyo kamba tu, vinavyofuata unapita nae jiwe kwa jiwe anasimulia tangu mwanzo mpaka mwisho, uliona nini, ulisikia nini, mwilini ulihisi nini, sasa hivi hapa unahisi nini, na wewe unaandika, kikao kinachofuata unamsomea alichosema mnaendelea. Ni kazi ya kuchosha, saa moja na nusu na zaidi, na kwenye jiwe kubwa huruhusiwi kuishia katikati mtu akaondoka na moto kifuani.

Masimulizi yalipofika Ilula akasimama. Akasema tandiboi alimwambia pale, kabla ya kushuka, "broo upepo hausimami," sindano ya geji inapanda inashuka. Na yeye akamjibu, "twende, tutaangalia Mbuyuni."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Sio mke, sio trafiki, sio mchungaji, sio kocha. Alilisema akiangalia kile kijiwe.

Sasa hapa kuna kishawishi, na najua wanasihi wengi wanakiangukia, cha kumwambia mtu hapana kaka usijilaumu, huna kosa. Sikumwambia. Angeangalia pale Ilula huenda ingekuwa vingine, yeye ni suka wa miaka mingi anajua hilo kuliko mimi, ukimwambia hana kosa anajua humsikilizi. Tulichofanya ni kuipima ile lawama ipate ukubwa wake. Saa ile ulijua nini? Geji ilipanda tena wakati gari imesimama injini inaunguruma, na ilishawahi kufanya hivyo safari mbili nyuma ikapona. Tajiri alishaambiwa kuhusu kompresa, ile pampu ya upepo wa breki? Aliambiwa. Nani alikuwa anasubiri viazi sokoni alfajiri na anakata hela ukichelewa? Ulitaka kijana afe? Suka alifika mahali akasema yeye mwenyewe, kosa lake ni dakika kumi za kutokagua, na dakika kumi hizo atakuwa nazo, lakini sio muuaji. Kwa miezi alikuwa anajiita muuaji kichwani. Ukimwambia mtu wa namna hii hakuna kushindwa kuna mrejesho tu, mrejesho gani, kijana yuko chini ya udongo Rungwe.

Kisha akataka mwenyewe kwenda Rungwe. Mi sikupendekeza, nilimsaidia tu kujiandaa. Kumbuka hakuzika, na kwa Wanyakyusa msiba sio jambo la kutuma meseji, usipoonekana watu wanajiuliza. Alikwenda na baba yake mdogo, shemeji na mzee mmoja wa kanisa, wamebeba sukari na mchele na rambirambi. Aliwaeleza yote mpaka la upepo. Baba mkubwa wa marehemu aliinuka akatoka nje, hakurudi mpaka wageni wanaondoka. Mama wa kijana alibaki amekaa, akamuuliza kama mwanae alikuwa amekula siku hiyo. Suka akamwambia walikula Ilula, wali na maharage, kijana akaongeza sahani. Basi mama akataka Suka aoneshwe kaburi ambalo hajawahi kuliona, akampeleka yeye mwenyewe. Wengine hawajamsamehe na amenikubalia kwamba sio lazima.

Leo PCL-5 yake iko chini ya 30. Anaendelea na fluoxetine, utaratibu ni kuendelea miezi 9 mpaka 12 baada ya mtu kukaa sawa, ndo iachwe taratibu na daktari, sio siku ukijisikia vizuri. Konyagi hajaacha yote, kapunguza. Anaendesha kosta Uyole Tukuyu, kuna miteremko mizuri tu ile njia, Kitonga anapita kama abiria. Bado tuna kazi moja, asubuhi anakagua breki, anakagua tena, akifika Kiwira anataka kukagua tena mpaka abiria wanapiga kelele, na ni ngumu kumshika pale kwa sababu kukagua breki ni kitu kizuri. Tumekubaliana mara moja kabla ya kutoka, kwa utulivu, na konda awepo anaangalia pamoja nae.

Watu wananiuliza kama nitamkataza mgonjwa kwenda kwa kocha wa NLP. Hapana. Ukitaka kujifunza kuongea mbele za watu au kuuza bima nenda, ni hela yako. Kama una dalili alizokuwa nazo Suka, muulize kocha kabla hujatoa laki mbili na nusu: umeniuliza kama nawaza kufa? Nani atanipigia simu wiki ya nne? Unasemaje kuhusu dawa nilizoandikiwa? Akikwambia acha dawa, hapo usisubiri hata chai ya saa nne, ondoka.

Ile video ya ushuhuda bado ipo mtandaoni na inapata likes. Suka aliomba iondolewe, akajibiwa kwamba inawatia moyo wengine. Juzi kaingia mwenyewe kwenye komenti akaandika kwamba huyo kwenye video ni yeye, alirudi hospitali na mpaka leo anatumia dawa. Ikafutwa. Akaandika tena.